Ndege ya Mkia Mbele

Watu wakiniuliza ndege ile ilifanana na nini, huanza kuichora hewani kwa vidole, na kila mara naanza upande usiofaa. Naanza na bawa kubwa, kisha nakumbuka kwamba bawa kubwa lilikuwa nyuma. Bawa dogo, lile ambalo kwenye ndege nyingine hukaa mkiani, mimi nililiweka mbele, puani. Injini ilitoka kwenye pikipiki iliyokufa, nayo ilikaa nyuma ya kiti, ikisukuma badala ya kuvuta. Ukiiona kwa mbali kwenye malisho ya Nyamitaba ungedhani mtu ameiegesha kinyume. Baba mdogo, ndugu wa marehemu baba yangu, ndiye aliyeijenga. Mimi niliichora. Yeye ndiye aliyetaka kuirusha, na kwa miezi mingi swali lililokaa kichwani mwangu lilikuwa moja tu: je, hesabu zangu zitamuua?

Nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka Goma baada ya kumaliza masomo ya mekanika. Diploma ilikuwa kwenye bahasha ya plastiki juu ya kabati la mama, na kazi haikuwapo. Memwari yangu, tasnifu ya kumaliza masomo, ilihusu ndege ndogo ambazo mtu anaweza kujijengea nyumbani. Profesa mmoja aliniuliza mbele ya wenzake kama nilishawahi kupanda ndege. Nikasema bado. Akaandika kitu kwenye karatasi yake, na hadi leo najiuliza aliandika nini, kwa sababu alinipa pointi nzuri, na pointi nzuri baada ya jibu kama lile zinaweza kuwa sifa, au zinaweza kuwa huruma.

Mkia niliuweka mbele kwa sababu ya woga. Ndege ya kawaida ikipunguza mwendo kupita kiasi, bawa lake huchoka kubeba, nayo inaanguka. Ile yenye bawa dogo mbele hujionya yenyewe. Bawa dogo huchoka kwanza, pua inashuka kidogo, mwendo unarudi, na bawa kubwa linaendelea kubeba. Niliposoma hayo kwenye simu, juu ya kilima mahali ambapo netiweki hupatikana, nilihisi nimepata chombo chenye tabia yangu, chombo kinachoogopa mapema. Lakini kulikuwa na sharti. Uzito lazima uwe mbele vya kutosha. Uzito ukirudi nyuma, bawa kubwa ndilo linalochoka kwanza, pua inapanda, na ndege inaanguka kwa makalio, kama mtu aliyekalia kiti ambacho miguu yake ya nyuma imekatika. Kwa hiyo niliichora yote kwa kumzunguka baba mdogo. Ni mtu mnene, mwenye mabega ya kubeba magogo. Yeye nilimweka puani, injini nikaiweka nyuma, na hao wawili wakasawazishana kwenye karatasi kama bidoni mbili za maji kwenye baiskeli.

Baba mdogo hutengeneza chukudu, zile baiskeli za mbao zisizo na pedali ambazo hushusha viazi na makaa kutoka milimani kwetu. Nilipomwonyesha mchoro wangu mara ya kwanza alicheka. Aliugeuza juu chini, akauliza dereva anaangalia upande gani. Kesho yake nilimkuta nyuma ya nyumba anapima kiwanja kwa hatua. Nilimuuliza kwa nini, akapuliza vumbi la mbao lililokaa kwenye randa.

"Chukudu inashuka yenyewe," akasema. "Kupanda, njo muntu anasukuma. Mi nimechoka kutengeneza vitu ya kushuka tu."

Sikuwa nimetarajia jibu la namna hiyo kutoka kwake. Nilikaa nalo kwa muda mrefu, nikijaribu kuamua kama alikuwa ananitania.

Shida yake ilikuwa kwamba hajui kuacha kitu kiwe chepesi. Katika kazi yake, mteja akirudi na gurudumu lililopasuka ni aibu inayofika hadi Kitshanga. Kwa hiyo kitu chochote akikitazama mara mbili, anakiongezea ubao. Asubuhi nilikuwa nakuta kipande kipya kimepigiliwa mahali ambapo jana hakikuwapo, au ukanda wa mpira wa gurudumu la gari umezungushwa kwenye kiungo ambacho nilikiacha wazi makusudi. Nikivitoa, vinarudi. Ndege ikawa inanenepa polepole kama ng'ombe, nami kila asubuhi naizunguka nikitafuta ilikonenepea, halafu naanza hesabu upya.

Na hesabu zenyewe sikuziamini. Vitabu vyote vinaanzia usawa wa bahari. Mimi sijaona bahari. Nyamitaba iko juu, hewa yetu ni nyembamba, na hewa nyembamba hubeba vibaya. Nilizirekebisha namba kwa ajili ya kilima, halafu siku nyingine nikazirekebisha tena, na mwishowe nikawa sikumbuki kama nimerekebisha mara moja au mara mbili. Nilipomweleza baba mdogo, alisikiliza hadi mwisho kwa heshima, kisha akaniuliza kama ndege inakubali misumari ya kawaida.

Mikaratusi tuliyonayo ni mizito. Kwa mbavu za mabawa nilitaka mti mwepesi, ule unaoota haraka pale msitu unapofunguliwa, wenye majani mapana kama mwavuli. Unapatikana Walikale, kwa upande wa mama. Baba mdogo alikuwa tayari kwenda, lakini mama alitikisa kichwa. Kwao, mti wa kutengeneza kitu kinachobeba mtu hapewi shemeji. Huombwa na mtoto wa dada. Nikaenda mimi.

Nilisafiri kwa pikipiki pale barabara iliporuhusu, na kwa miguu pale ilipokataa. Kadiri tulivyoshuka, joto liliongezeka na hewa ikawa nene, ina harufu ya majani yaliyooza. Watu wengine kwenye safari walilalamika jasho. Mimi nilikuwa navuta pumzi na kuwaza kwamba hapa ndipo ndege ingebebwa vizuri, na kwamba nimezaliwa upande mbaya wa mkoa kwa kazi ninayoitaka.

Mjomba, kaka yake mama, ni mkulima na mwindaji. Jumapili hukaa benchi la mbele kanisani. Lakini mti hakati bila kuongea nao kwanza, na hilo haoni kama linagombana na lile la kwanza. Alimwaga kasiksi kidogo, ile pombe ya ndizi, kwenye mizizi, akashika mkono wangu, akauweka kwenye gome. Akaniuliza nataka mti wa nini. Nikasema mabawa. Nilingoja acheke. Hakucheka, na hilo lilinivuruga zaidi kuliko kama angecheka.

Akauliza kama kitu hicho kitabeba mtu. Nikasema ndiyo. Ndipo akanieleza utaratibu wao, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayekuonyesha njia ya kwenda kisimani. Aliyeomba mti wa mtumbwi huvuka wa kwanza. Aliyeomba mti wa kitanda hulala wa kwanza. Hakuna mwingine anayeruhusiwa kutangulia, hata awe mkubwa wake, hadi kitu hicho kimbebe kwanza yule aliyeweka mkono kwenye gome.

"Weye njo umeomba," akamaliza. "Njo weye itabeba kwanza."

Nilimsikia vizuri, neno kwa neno. Nikaitika, "Ndiyo, mjomba." Lakini kichwa changu wakati ule kilikuwa kwenye unyevu. Nilikuwa nawaza kwamba mti huu umezoea joto, na nikiupandisha kwenye baridi yetu utakauka haraka na kupasuka. Niliwaza kama niufunge kwenye majani ya migomba au niuache wazi. Nilikubali jambo kubwa huku nikiwaza majani ya migomba.

Mbao hazikupasuka. Baba mdogo alizichonga kuwa mbavu nyembamba, akizishika kwa ncha za vidole kama mtu aliyeshika yai, akinung'unika kwamba huu si mti, ni mkate. Tulizifunika kwa kitambaa chepesi cha nailoni, tukakipaka gundi hadi kikalia kama ngoma. Nilianza kuona kwamba ile takataka iliyokuwa nyuma ya nyumba inakuwa ndege, na hofu yangu ikabadilika. Zamani niliogopa kwamba haitaruka. Sasa niliogopa kwamba itaruka.

Chefu wa kijiji alikuja kuitazama. Siku hizi za vita, kitu kikilia angani watu hulala chini, kwa hiyo alitaka kujua italiaje. Baba mdogo akawasha injini. Chefu akasema inalia kama pikipiki, na pikipiki watu wanaijua. Alituruhusu Jumamosi asubuhi, kwa sharti kwamba isipite urefu wa mikaratusi iliyo ukingoni mwa malisho. Nilitaka kumweleza kwamba sijui jinsi ya kuizuia ndege isipite mti kama inataka kuupita, lakini baba mdogo alishashukuru na kumpa mkono.

Wiki hiyo baba mdogo aliingia kwenye kiti ili tupime mikanda. Mama alikuwa amekaa karibu anachambua maharagwe. Alimtazama shemeji yake alivyojaa mle puani, goti lake baya limenyooka kando, uso wake una furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu mazishi ya baba.

"Na njo yeye atatangulia?" mama akauliza.

Nikasema ndiyo.

"Muti, nani aliomba?"

Nilikumbuka gome chini ya kiganja changu, na kila neno la mjomba. Baba mdogo alibaki mle ndani, mikono yake bado iko kwenye usukani.

Niliwaza kwamba yeye ndiye atakayelikataa jambo hilo. Ni shemasi, husimama mbele ya watu na kusema kwamba mambo ya zamani yamepita. Nilimtazama nikingoja aseme hivyo. Alishuka polepole, akafuta kiti kwa kiganja ingawa hakikuwa na vumbi. Akasema yeye haamini mambo ya miti. Kisha akasema kwamba hata hivyo hawezi kukaa pale kabla yangu, kwa sababu kama ubavu mmoja utavunjika, mama atajua kwa nini, mjomba atajua kwa nini, na yeye mwenyewe akiwa hewani atawaza hivyohivyo.

Nilipanda kilima na simu, nikampigia mjomba. Nilimweleza kwa utaratibu, kama ninavyoeleza shida ya mekanika. Kitu hiki kimechorwa kwa mtu mzito. Mimi ni mwembamba. Nikikaa mimi, uzito unarudi nyuma, na kitu kinaanguka kwa makalio. Nilimuuliza kama kuna namna ya kubadilisha, labda mtu mwingine aje aweke mkono kwenye kisiki. Alicheka kidogo, kikohozi kikamkatiza.

"Kama haibebi weye mwenye uliomba," akasema, "basi ilitengenezwa juu ya nani?"

Netiweki ikakatika hapo. Sijui kama alikuwa ameongeza neno lingine. Nilishuka nikiwaza kwamba mjomba hajui chochote kuhusu mabawa, halafu nikawaza kwamba swali lake ndilo swali ambalo nilipaswa kujiuliza siku ya kwanza nilipochukua penseli. Nilikuwa nimechora ndege nzima bila kujiweka ndani yake mahali popote.

Mama alichagua njia yake. Alianza kunilisha. Ugali, maziwa mazito, maharagwe yenye mafuta ya mawese, jibini aliyokuwa akiniwekea mkononi kila nilipopita jikoni. Alikuwa ananitazama nikimeza. Siku ya soko Mweso tulienda kwenye mizani ya kupimia viazi, nikaning'inia kwa mikono kwenye ndoano ya kutundikia magunia. Wachuuzi walisimama kutazama.

"Dada, weye hata gunia haujafika," mwenye mizani akaniambia. "Rudi shamba, uongezeke."

Mwanamke mmoja aliyekuwa anauza ndizi akauliza nauzwa bei gani. Mwenzake akamjibu kwamba kwa bei yoyote ile ni hasara, hiki ni mifupa. Nilicheka nao, lakini nilikuwa nasoma mshale wa mizani, na mshale ulitetemeka kwa sababu mimi nilitetemeka, kwa hiyo hata uzito wangu mwenyewe sikuupata sawasawa.

Njia nyingine ilikuwa kuongeza mzigo puani, mbele ya miguu yangu. Baba mdogo alishauri jiwe. Niliona jiwe likija juu ya miguu yangu iwapo ndege ingesimama ghafla, nikakataa. Mchanga unaweza kumwagika. Maharagwe hutiririka upande mmoja. Maji hucheza. Nilikaa na jambo hilo hadi baba mdogo aliponiuliza kwa upole kama kuna kitu chochote duniani ambacho kinatulia. Tukakubaliana viazi. Tulijaza gunia dogo, tukalifunga kwa mipira hadi likawa gumu kama kichwa cha mbuzi, tukalilaza ndani ya pua.

Kwenye karatasi tulikuwa sawa. Lakini Ijumaa, nilipoipima ndege gurudumu kwa gurudumu, ilikuwa imenenepa tena. Niliitafuta sehemu yenyewe asubuhi nzima. Mwishowe nililala chali chini yake nikaona ubao wa mkaratusi, mpana, mpya, umefungwa chini ya kiti kwa ustadi ili usionekane. Nilimwita. Alikuja, akainama, akautazama ubao kama vile na yeye anauona kwa mara ya kwanza.

"Baba mudogo, hii ni nini?"

"Ubao."

"Uliiweka lini?"

Alisema aliuweka baada ya kujua kwamba nitakaa mimi. Kwa ajili yake mwenyewe hakuwa ameuweka. Nilibaki pale chini kwenye nyasi. Ubao ule uliongeza uzito tusiouhitaji, na pengine ungetuzuia kabisa kuacha ardhi. Nilipaswa kukasirika. Nilipaswa kuutoa. Nilijaribu kuhesabu kama kuacha ubao ni hatari zaidi ya kuutoa, na kila nilipokaribia jibu nilikuwa naona mikono yake mikubwa ikiufunga pale, kimya, mimi nikiwa usingizini nyumbani. Sikuutoa. Sijui hadi leo kama huo ulikuwa uamuzi wa mekanika au wa mtoto.

Jumamosi kulikuwa na ukungu, kisha jua likautoa. Malisho yetu huanza juu karibu na nyumba na kushuka taratibu hadi kwenye mikaratusi, na ng'ombe walikuwa wamesogezwa pembeni. Nilikuwa nimetumaini kwamba watu hawatakuja. Walikuja hata kutoka Muheto. Mtu mmoja aliniomba nikifika Goma nimletee mkate. Mwanamke mwenye jembe begani akauliza bwana wangu atanitafutia wapi, mu mawingu? Wengine wakamjibu kwamba bwana mwenyewe bado hajapatikana hata chini. Mama hakucheka. Alisimama karibu na bawa kubwa, mkono wake juu ya nailoni, kama anavyoshika ubavu wa ng'ombe anayetaka kuzaa.

Baba mdogo alinifunga mikanda. Aliikaza, akailegeza, akaikaza tena. Niliona anataka kuniambia kitu. Alichosema ni kwamba breki iko upande wa kushoto, jambo ambalo nilikuwa nimelichora mimi.

Sala ilisemwa. Injini ikawashwa. Kuanzia hapo kumbukumbu yangu haiko kwenye mstari, na nimejaribu mara nyingi kuipanga. Kiti kilinipiga mgongoni. Nyasi zilianza kukimbia. Niliwaza kwamba gunia la viazi linasogea, na kwamba siwezi kuliona kwa sababu limefichwa na magoti, halafu nikawaza kwamba mtu anayerusha ndege hapaswi kutazama magoti. Bawa dogo lilikuwa mbele yangu kabisa, naliona lote, linatetemeka kama sikio la ng'ombe. Magurudumu yalikuwa ya mbao, ya chukudu, na mtikisiko wake ulipanda kupitia ubao wa chini ya kiti hadi kwenye meno yangu.

Kisha mtikisiko ukaisha.

Pua ikapanda. Nilisukuma usukani, pua ikashuka, nikavuta, ikapanda tena, ikawa inainama na kuinuka kama mtu anayeitikia maneno ambayo hayasikii vizuri. Niliona mikaratusi, kisha nyasi, kisha mikaratusi. Nilisubiri kuanguka kwa makalio. Nilisubiri bawa dogo lichoke kwanza kama vitabu vilivyoahidi. Sikuweza kujua ni lipi linaanza kuchoka, wala kama niko juu ya ardhi, au ardhi yetu, kwa kuwa ni mteremko, imeshuka tu chini yangu na kuniacha pale nilipokuwa. Nikazima injini. Mtikisiko ukarudi kwa kishindo, kitu kikapasuka upande wa kulia, na ndege ikazunguka nusu na kusimama kwenye nyasi ndefu, karibu na miti.

Nilikuwa mzima. Nilijishika kila mahali kuhakikisha. Gunia la viazi halikuwa limesogea hata kidogo.

Umati ulikuja ukikimbia, na walipofika walikuwa tayari wanabishana. Yule mwanamke wa jembe aliapa kwamba aliona mwanga chini ya magurudumu yote. Mzee mmoja akasema ni kweli kulikuwa na mwanga, lakini mbuzi naye akiruka mfereji kunakuwa na mwanga chini yake, na hakuna anayemwita ndege. Vijana wakasema tutazame alama za magurudumu kwenye nyasi, maana alama zikikatika na kuanza tena mbele, basi iliruka. Ilikuwa fikra nzuri. Tuligeuka wote kutazama mteremko. Lakini kila mtu alikuwa amekimbia kufuata njia ileile ya ndege, na nyasi zote zilikuwa zimelala chini ya miguu yao.

Mama alikuwa amefika na ameshika kichwa changu kwa mikono miwili. Baba mdogo alifika wa mwisho, kwa sababu ya goti. Hakulitazama gurudumu lililopasuka. Alinitazama mimi, mikono, miguu, uso. Alinivuta kidogo pembeni ya watu.

"Ilikubeba?" akauliza, taratibu.

Nilielewa alichokuwa anauliza, na nilielewa kwamba hakuna mtu mwingine anayeweza kumjibu. Kama ilinibeba, basi masharti ya mjomba yamekwisha, na zamu ni yake. Gurudumu la akiba alikuwa nalo. Angeweza kukaa leo hii, kabla ya mvua. Kwa hesabu, ndege ile ilikuwa salama zaidi kwake kuliko kwangu, kwa sababu ilichorwa kwa mwili wake. Lakini nilikuwa nimeihisi ile pua ikiinama na kuinuka. Kama ilikuwa mikono yangu ya woga, yeye angeenda vizuri. Kama ilikuwa ubao, tungeutoa. Kama ilikuwa ndege yenyewe, tangu kwenye penseli, basi ningekuwa namfunga mikanda ndani ya kosa langu. Na kama haikunibeba, ni mimi tena.

Niliutazama uso wake. Ulikuwa wazi, hauna haraka, lakini alikuwa ameshika ukingo wa bawa dogo, na kidole gumba kilikuwa kinalisugua, kinaenda na kurudi.

Ile mara moja mtikisiko ulipoisha, nilikuwa wapi? Nilirudi pale kichwani mwangu. Nikarudi tena. Kila mara niliporudi, kimya kile kilikuwa kirefu kidogo kuliko mara iliyotangulia, na nikaanza kuogopa kwamba ni mimi ninayekirefusha.

"Bado, baba mudogo," nikasema. "Haijanibeba."

Nilidhani ataniuliza nina hakika gani, nami sikuwa nayo. Macho yake yalienda kwa mama, yakarudi kwangu, yakashuka kwenye nyasi zilizokanyagwa. Sikuweza kusoma kama nimemwondolea mzigo au nimemnyang'anya kitu.

"Basi unarudia," akasema.

Akawaita wanaume waje wainue upande wa kulia, akapiga goti lake zima chini, akaanza kuchomoa gurudumu. Nilibaki nimesimama na kofia yangu ya pikipiki mkononi, watu wakiendelea kubishana nyuma yangu kuhusu mwanga na mbuzi, nikagundua kwamba nafurahi, na sikujua nafurahi kwa ajili yake au kwa ajili yangu.